Reli ya Yunnan na Mashauri ya Wakubwa: Funzo kwa Watu wa Reli na Bandari



Husemwa kwamba mambo ya silaha na mikataba ya serikali kubwa hayamhusu mfanya kazi. Hayo ni ya mawaziri na mabalozi. Sisi twasema yanamhusu yeye kwanza. Bunduki haitoki kiwandani ikafika vitani kwa miguu yake. Lazima ipakiwe melini, ishushwe gatini, itiwe behewani, ivutwe na gari moshi, ipite madaraja na milima. Penye kila hatua pana mikono ya mfanya kazi. Na adui akitaka kuizuia isifike, bomu halimwangukii balozi mezani pake. Humwangukia dereva wa gari, mchochea makaa, na kuli aliye juu ya daraja.

Kwa hiyo leo tutasimulia habari ya reli moja ya mbali, jinsi ilivyotishwa, jinsi wakubwa walivyoijadili, na jinsi ilivyopotea. Tunaisimulia kwa kuwa ndani yake mna funzo ambalo chama chochote cha wafanya kazi kinapaswa kulijua.

RELI ILIJENGWA KWA JASHO LA NANI?

Reli hiyo ni ile ya Yunnan. Huanza bandari ya Haiphong, kaskazini ya Vietnam, hupita Hanoi, hufuata bonde la Mto Mwekundu mpaka mpakani Lao Cai, kisha hupanda milima ya China mpaka mji wa Kunming. Urefu wake wote ulikuwa karibu maili 530. Siku hizo Vietnam, Laos na Kambodia zilikuwa chini ya Ufaransa, zikiitwa Indochina. China ilikuwa nchi huru kwa jina tu, maana mwaka 1898 ilishurutishwa kuwapa Wafaransa ruhusa ya kutandika reli ndani ya ardhi yake. Gari la kwanza lilifika Kunming mwaka 1910.

Upana wa reli ile ni mita moja, sawasawa na reli yetu ya zamani ya kutoka Mombasa. Na ujenzi wake pia unafanana na wa kwetu. Katika Reli ya Uganda, iliyojengwa tangu 1896 mpaka 1901, waliletwa Wahindi karibu 32,000 na karibu 2,500 kati yao wakafa. Huko Yunnan, kwa hesabu ya Wafaransa wenyewe, makuli 60,000 hivi walipelekwa upande wa China, na kama 12,000 walikufa. Wachina husema waliokufa ni wengi zaidi. Homa iliwamaliza katika bonde la Namti, ambako njia ilibidi itoboe mlima baada ya mlima. Wengi walizikwa kando ya mataruma waliyoyalaza kwa mikono yao.

Baada ya kumalizika, faida ilikwenda kwa kampuni ya Kifaransa. Bati la machimbo ya Gejiu lilishuka kwa reli hiyo kwenda pwani, na nguo na nyuzi zikapanda. Ushuru wa kupitisha mizigo ukalipwa Haiphong. Mchina alilalamika kwamba nauli ni kubwa, lakini hakuwa na njia nyingine. Mwenye reli ndiye aliyeshika mlango wa nyumba ya jirani.

TISHO LA MWAKA 1937

Mwezi wa Julai 1937 Japani ilianza vita kubwa juu ya China. Manowari zake zikaziba pwani ya China. China haikuwa na viwanda vya kutosha kutengeneza silaha zake, ikabaki kutafuta njia za nyuma za kuingizia bunduki, mafuta, malori na ndege. Njia moja ilipita Hong Kong, iliyokuwa ya Waingereza. Nyingine ilikuwa hii ya Haiphong.

Japani haikuwa imetangaza vita rasmi, wala haikuwa na ugomvi na Ufaransa. Lakini iliwaambia Wafaransa wazi: mkiendelea kupitisha silaha, tutaipiga reli kwa mabomu upande wa China. Basi mwezi wa Oktoba 1937 serikali ya Paris ikaamua kwamba silaha za China zisipite tena Indochina, isipokuwa zile zilizokwisha kuanza safari.

Tazameni neno hilo lilivyopimwa. Hawakusema China ina makosa. Walijua vema ni nani aliyevamia na ni nani aliyevamiwa. Walisema tu kwamba reli ni mali yao na hawataki ivunjwe.

Mwezi wa Novemba mwaka huo huo mataifa yalikutana Brussels, Ubelgiji, kuzungumza habari ya vita hiyo. Wafaransa wakatoa shauri: tutaifungua njia kama Marekani na Uingereza wataahidi kutusaidia Japani ikitupiga. Marekani haikutaka kuahidi neno lolote. Uingereza nayo ilikuwa na mashaka yake Ulaya. Mkutano ukatoa maneno mazuri ya kusikitika, watu wakarudi kwao.

Na jambo hili lisisahauliwe: Marekani ilichukizwa na Wafaransa kwa kuifunga njia, hali wafanya biashara wake wakiendelea kuiuzia Japani mafuta na chuma chakavu. Uuzaji wa chuma chakavu kwa Japani ulikatazwa mwaka 1940, na mafuta mwaka 1941. Kila mkubwa alimtaka mwenzake ndiye awe shujaa.

Basi njia ikawa kama mlango wa duka la mwoga. Siku moja imefungwa, siku ya pili imefunguliwa kidogo, siku ya tatu mzigo unapita kwa jina jingine. Oktoba 1938 Japani iliuteka mji wa Canton, njia ya Hong Kong ikakatika, na shehena zikazidi kumiminika Haiphong. Reli ile ni ya njia moja, nyembamba, ya milimani. Haikuweza kubeba yote. Mizigo ikarundikana gatini, makuli wakafanya kazi usiku na mchana, na juu ya vichwa vyao tisho lilikuwa lile lile.

HATA JIRANI ZETU

Msidhani mambo haya ni ya mashariki ya mbali tu. Mwaka 1935 Italia ilipojitayarisha kuivamia Ethiopia, Ethiopia ilikuwa na reli moja tu ya kufika baharini, ile ya Addis Ababa mpaka Djibouti, nayo ilikuwa ya kampuni ya Kifaransa. Mwezi wa Januari mwaka huo Ufaransa ilipatana na Mussolini, na miongoni mwa mapatano yao Italia ilipewa hisa 2,500 za reli hiyo. Silaha za Ethiopia zikawekewa vizuizi njiani. Uingereza nayo ikakataza kwa miezi kadhaa kuwauzia silaha wote wawili, Italia na Ethiopia. Mwenye viwanda na asiye na viwanda wakanyimwa sawasawa, na wakubwa wakaiita hiyo haki! Aliyeumia ni yule asiye na kiwanda.

MAKULI WALIONA MBELE

Wakati mabalozi wakiandikiana barua, walikuwapo watu wengine walioona mambo kwa macho mengine. Mwezi wa Novemba 1938, katika bandari ya Port Kembla, Australia, makuli wa chama cha bandari walikataa kuipakia meli iitwayo Dalfram chuma cha kwenda Japani. Walisema chuma hicho kitageuzwa mabomu ya kuwaua Wachina leo, na kesho kitawarudia Waaustralia wenyewe.

Serikali yao iliwaambia maneno tunayoyajua sana: siasa ya nchi za nje si kazi ya makuli. Ikatumia sheria ya kuwalazimisha kuchukua leseni. Kampuni ya chuma ikafunga kazi, na maelfu ya wafanya kazi wa kiwandani wakakaa bila mshahara wakati wa Krismasi. Mwanasheria mkuu wa serikali, Robert Menzies, alisimama upande wa kuisafirisha shehena, na jina la kejeli la chuma kile likamganda maisha yake yote. Wale makuli walivumilia mpaka Januari 1939, kisha wakapakia kwa shingo upande.

Tarehe 19 Februari 1942 ndege za Japani ziliupiga mji wa Darwin, Australia, watu zaidi ya 200 wakafa. Nani basi aliyeijua siasa ya nchi za nje, waziri au kuli?

RELI IKAPOTEA HATA HIVYO

Sasa turudi Yunnan. Wafaransa walifunga njia mwaka 1937 ili reli yao isipigwe. Je, iliokoka? La.

Novemba 1939 majeshi ya Japani yaliuteka mji wa Nanning, karibu na mpaka wa Indochina, wakapata viwanja vya ndege. Mwisho wa mwaka huo ndege zao zilianza kuyapiga madaraja ya reli. Tarehe 1 Februari 1940 walilipiga gari la abiria. Watu wengi waliuawa, na Wafaransa miongoni mwao. Paris ikapeleka malalamiko Tokyo. Mafundi wa reli wakapelekwa kuziba mashimo na kutandika upya, ili ndege zirudi kupiga tena.

Juni 1940 Ujerumani iliishinda Ufaransa. Tarehe 19 Juni Japani ilimtaka gavana wa Indochina, Jenerali Catroux, aufunge kabisa mpaka na kukubali wakaguzi wa Kijapani wakae bandarini na mpakani. Alipewa saa 24. Hakuwa na ndege za kutosha, akauliza kwa Waingereza na Waamerika, hakupata msaada, akakubali. Serikali yake ikamwondoa, akawekwa Decoux mahali pake. Mwezi ule ule wa Juni wakaguzi wakaingia Hanoi wakiongozwa na Jenerali Nishihara.

Je, Japani ilitosheka? La. Tarehe 22 Septemba 1940 ilipata mkataba wa kutumia viwanja vitatu vya ndege na kuweka askari 6,000 kaskazini ya Indochina. Wino haujakauka, jeshi lake likaishambulia Lang Son. Julai 1941 likashuka mpaka kusini. Ndege zilizozamisha manowari mbili kubwa za Waingereza karibu na Malaya, tarehe 10 Desemba 1941, ziliruka kutoka viwanja vya Indochina. Na tarehe 9 Machi 1945 Wajapani wakawapindua Wafaransa kabisa, wakawatia magerezani.

Na Wachina? Septemba 1940 walilivunja daraja la mpakani Hekou kwa mikono yao wenyewe, wakang'oa reli kwa maili nyingi ili adui asiipande. Reli iliyokula maelfu ya makuli ikang'olewa na makuli. Mwaka 1946 Ufaransa ilitia sahihi kuiachia China sehemu yake ya reli.

Waingereza hawakufanya vizuri zaidi. Walikuwa na njia ya Burma: reli kutoka Rangoon mpaka Lashio, kisha barabara ya maili 717 mpaka Kunming, iliyochimbwa na watu kama 200,000, wengi wao wanawake, wazee na watoto, kwa majembe na vikapu. Japani ilipotisha, serikali ya Churchill iliifunga njia hiyo kwa miezi mitatu tangu tarehe 18 Julai 1940. Ikafunguliwa Oktoba. Mwaka 1942 Wajapani waliiteka Rangoon na Lashio, na njia ikafa.

NANI ALILIPA?

Hapa ndipo habari inapofika nyumbani kwetu. Ili kuikomboa Burma na kufungua tena njia ya China, walikwenda vijana wa Kenya, Uganda, Tanganyika, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini, katika Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki. Mwaka 1944 walilipita bonde la Kabaw katika mvua, matope na malaria, na Desemba wakauvuka mto Chindwin huko Kalewa. Katika familia nyingi za nchi hii yuko babu aliyekwenda Burma, na wengine hawakurudi. Hakuna aliyewauliza mwaka 1940 kama njia ile ifungwe au isifungwe. Waliitwa mwaka 1944 kulipa deni lililokopwa mezani na watu wasiowajua.

Na huko Vietnam kaskazini, mwaka 1944 na 1945, njaa kubwa iliua watu. Wako wanaokadiria laki nne, wako wanaosema milioni mbili. Mpunga ulichukuliwa kwa nguvu kulisha jeshi, mashamba mengine yakalazimishwa kupandwa jute, mazao yakaharibika, na reli ya kuleta mchele kutoka kusini ilikuwa imevunjwa na mabomu ya ndege za Waamerika na wenzao. Reli hiyo haikuwepo siku mkulima alipokuwa na njaa.

FUNZO LETU

Kuna watakaosema: gavana yule angefanya nini? Alikuwa dhaifu, na mbele yake ni mwenye nguvu. Neno hilo lina ukweli, wala hatumcheki mtu aliyekuwa peke yake. Lakini tuulize: kwa nini alikuwa peke yake? Kwa sababu mwaka 1937, wakati Japani ilipokuwa bado inasita, kila mwenye mali alihesabu mali yake mwenyewe. Mfaransa alihesabu reli yake, Mwingereza bandari zake, Mwamerika mafuta yake. Ilipofika 1940 walikuwa wamekwisha mfundisha mwenye kutisha kwamba kutisha kunalipa. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Nasi katika chama tunaijua tabia hiyo. Tajiri husema: acheni posho ya usiku, na kazi zenu zitabaki. Wakaiacha. Mwaka wa pili husema: kubalini kazi ya kandarasi, na walio wa kudumu hawataguswa. Wakakubali. Mwaka wa tatu wa kudumu hawapo. Anayetoa haki moja ili aachiwe nyingine, bila ya kuwa na wenzake nyuma yake, hununua siku chache tu.

Funzo la pili ni juu ya shehena. Tusidhani kwamba mizigo ya vita haipiti kwetu. Septemba 2008 meli iitwayo Faina ilitekwa na maharamia wa Kisomali ikija Mombasa, nayo ilikuwa na vifaru 33. Februari 2009 iliachiliwa, na vifaru vikashushwa Mombasa. Serikali ilisema ni vya jeshi la Kenya. Msemaji wa shirika la kuwasaidia mabaharia aliyesema ni vya Sudan Kusini alikamatwa na kushtakiwa. Baadaye, mwaka 2010, barua za mabalozi wa Marekani zilizovuja zikaonyesha kwamba ni kweli vilikuwa safarini kwenda Sudan Kusini. Makuli walioshusha na watu wa reli hawakuwa na haki ya kuuliza. Nchi ile baadaye, Desemba 2013, iliingia katika vita ya ndugu kwa ndugu, na wakimbizi wake wangali Kakuma.

Hatusemi kila kuli awe waziri wa nchi za nje. Twasema mambo matatu, na tungependa kila tawi liyazungumze na kuyapeleka mbele.

Kwanza, mfanya kazi ana haki ya kujua anachokibeba. Mzigo wenye baruti, sumu au mafuta ya kulipuka uandikwe hivyo, na aliyekataa kuushika bila ya kuambiwa ukweli asifukuzwe.

Pili, akipelekwa mahali pa hatari kwa amri ya serikali, iwe vita, iwe magaidi, iwe maharamia, basi mapatano ya chama na mwajiri yaseme wazi bima yake ni kiasi gani na mjane wake atapata nini. Neno la pole halinunui unga.

Tatu, mikataba ya reli na bandari isomwe na watu wote. Reli mpya ya Mombasa mpaka Nairobi ilianza kazi mwaka 2017 kwa mkopo wa China, na ilichukua mpaka Novemba 2022 baadhi tu ya karatasi za mkopo huo kuonyeshwa hadharani. Mwaka 2019 amri ilitolewa kwamba makasha yapande gari moshi tu, madereva wa malori na watu wa Mombasa wakaandamana kwa sababu ya kazi zao, na amri hiyo haikuondolewa mpaka mwaka 2022. Wachina wanajua kuliko watu wengi maana ya reli iliyojengwa kwa mkataba ambao mwananchi hakuusoma; kwao ilikuwa ya Yunnan. Nasi tusingoje miaka 40 kuijua ya kwetu.

Makuli wa Port Kembla walikuwa kama 180 tu. Hawakuizuia vita. Lakini walipouliza "Chuma hiki kinakwenda wapi?" waliuliza swali ambalo mkutano mzima wa Brussels uliliogopa. Wapate wapi nguvu hiyo? Hawakuwa na bunduki wala fedha. Walikuwa na kadi ya chama, na kila mmoja alijua kwamba akisimama, mwenzake hatakaa.

Ndugu, hudhurieni mkutano wa tawi, na haya matatu yawe katika ajenda.

Umoja ni nguvu.